Niliyoyaleta nyumbani kutoka kwa watawa wa msituni

Mtawa aliyeshika bakuli lake hasukumi mlango. Kwanza analiweka bakuli chini, tena si ukingoni mahali linapoweza kubiringika, ndipo anafungua mlango, ndipo anarudi kulichukua. Kanuni hii imo katika vitabu vya sheria za utawa wa Kibuddha na ina zaidi ya miaka 2,000. Ilitungwa enzi ambazo bakuli lilikuwa la udongo au la chuma cha kawaida, na mtawa alikuwa nalo moja tu. Siku hizi mengi ni ya chuma kisichoshika kutu, yakianguka hayapasuki, lakini kanuni iko palepale. Mtawa mmoja kijana alinieleza haya kabla hajanikabidhi bakuli lake nimbebee, tulipokuwa tunatoka kijijini asubuhi na wali ndani yake ungali moto. Alizungumza kwa sauti ya chini, akanionyesha namna ya kulikumbatia kwa mikono miwili, likae usawa wa tumbo.

Nimeanza na bakuli kwa sababu watu wakisikia nimewahi kukaa na watawa wa Kibuddha huniuliza juu ya kufumba macho. Unakaaje? Unapumuaje? Mawazo yanaondoka kweli? Kutafakari kupo, na nilikaa chini kama wengine mpaka magoti yakawaka moto. Ila yaliyobadilisha nyumba yangu hapa Dar es Salaam yametoka kwingine: bakulini, kwenye ufagio, kwa mgonjwa kitandani, na katika namna watawa wanavyoambiana ukweli. Haya ndiyo ninayotaka kuyaeleza, maana naona tunauziwa utawa uliokatwa vipande. Tunapewa dakika kumi za kupumua kwenye simu, tunaambiwa huo ndio utulivu wa watawa, na ile sehemu inayomhusu jirani, mke, mtoto na mgonjwa inaachwa nje.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kuna kipindi nilipata kazi katika shule moja mkoani Ubon Ratchathani, kaskazini mashariki mwa Thailand, mkoa unaopakana na Laos na Kambodia. Likizo zikifika, walimu wenzangu wa kigeni walikimbilia fukwe za kusini. Mimi nilipanda gari dogo la abiria, lile lenye mabenchi mawili nyuma, kwenda kijiji cha Bung Wai nje kidogo ya mji, ambako kuna monasteri iitwayo Wat Pah Nanachat. Iko ndani ya kipande cha msitu kilichozungukwa na mashamba ya mpunga. Aliianzisha Ajahn Chah mwaka 1975, mtawa mashuhuri mzaliwa wa mkoa huohuo, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1992. Ajahn ni jina la heshima, kama sisi tunavyomwita mtu Mwalimu. Wageni kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wameanza kumfuata, akataka wapate mahali pa kufunzwa kwa Kiingereza, chini ya kanuni zilezile wanazofuata Wathai. Mkuu wa kwanza wa monasteri hiyo alikuwa Mmarekani, Ajahn Sumedho.

Utawa wenyewe haukuwa mgeni kwangu. Nimekulia Songea vijijini, umbali wa kusikia kengele za Peramiho, misheni waliyoianzisha Wabenediktini mwaka 1898. Tukiwa watoto tuliwaona mabruda wakitoka kanisani na kwenda moja kwa moja karakana au shambani, na hakuna aliyeona ajabu sala na useremala kukaa chini ya paa moja. Kwa hiyo kengele ya Nanachat ilipolia saa tisa usiku, mwili ulilalamika lakini moyo ulijua uko wapi.

Ndugu zangu wa jumuiya ndogo ndogo huniuliza kama niliacha imani yangu. Sikuiacha, na hakuna aliyeniomba niiache. Watawa walipoimba kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao, mimi nilikaa kimya na rozari mfukoni. Wakati mmoja mtawa mzee alinikuta naisali chini ya mti, akapita huku ameinama kidogo, kama Wathai wafanyavyo wakipita mbele ya mtu wanayemheshimu.

Sasa nieleze kilichonishangaza. Nilitarajia kukuta watu waliowakimbia watu. Nilikuta watu waliofungwa kwa watu kwa kanuni 227. Mtawa wa mapokeo haya hapiki. Haweki chakula hadi kesho. Hachumi embe hata kama limeiva usoni pake, wala hachimbi udongo apande mchicha. Hashiki pesa. Na chochote anachokula, ukiacha maji, sharti akabidhiwe na mtu mwingine mkono kwa mkono, au kiwekwe ndani ya bakuli lake au juu ya kitambaa alichokishika. Ukizipanga kanuni hizi pamoja unaona zinakoelekea: mtawa akijificha msituni kesho asubuhi, kesho hiyohiyo atashinda na njaa. Kila kunapokucha ni lazima akutane na kijiji.

Basi kila alfajiri wanatoka. Wanakwenda miguu mitupu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa kufuata umri wa utawa, na umri huo huhesabiwa kwa misimu ya mvua ambayo mtu amekaa utawani. Mtu wa miaka sitini aliyejiunga mwaka huu anatembea nyuma ya kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye misimu saba. Sisi wageni tulifuata na mifuko ya kupokelea vifurushi. Kando ya njia wanawake wa Bung Wai wamepiga magoti, kila mmoja na kikapu cha mianzi chenye wali wa kunata, chakula kikuu cha ukanda ule.

Kulikuwa na bibi mmoja karibu na kona ya mwisho. Aliosha vidole kwa maji ya chupa, akainua kikapu mpaka kwenye paji la uso na kukaa hivyo kitambo, midomo ikicheza. Kisha akafinyanga tonge, dogo kuliko yai, akalitia kwenye bakuli la kwanza, akafinyanga jingine, akatia la pili. Mkono ulitetemeka kwa uzee. Hakuna aliyesema asante. Watawa walikuwa wametazama chini, yeye alikuwa ametazama bakuli, msururu ukasonga. Tonge la bibi peke yake lisingemshibisha hata mtoto. Lakini mabakuli yalirudi monasterini yamejaa, yakamiminwa kwenye masinia, na chakula cha kijiji kizima kikawa kimoja. Saa mbili asubuhi kililiwa. Hicho ndicho chakula chao cha siku nzima, mara moja basi, wali na samaki na maembe na peremende vikiwa ndani ya bakuli moja.

Waswahili tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na tunautumia sana msemo huo kwenye michango ya harusi. Mimi nilimwona bibi akiuishi kila asubuhi kwa kiasi cha tonge, na tangu hapo mchango mkubwa wa mara moja kwa mwaka umepungua ukubwa machoni pangu. Nyumbani kwetu sasa, kabla hatujanywa chai, mtoto mmoja anampelekea mlinzi wa mtaa kikombe na chochote tunachokula sisi, iwe mkate, kiporo cha wali au kiazi. Inafanyika kila siku, na siku ambayo sukari imekwisha anapelekewa ya rangi isiyo na sukari, kama tunayokunywa wenyewe. Watoto hugombania zamu. Mlinzi anamjua kila mtoto wangu kwa tabia zake, na mmoja wao alipokuwa na homa ya kimyakimya, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia, "Mwalimu, huyu leo hayuko sawa."

Upande wa kupokea una somo gumu zaidi. Mtawa hachagui. Ukimtilia mboga chungu anaondoka na mboga chungu. Kati ya zile kanuni 227 kuna 75 za mwenendo mdogomdogo, na nyingi zinahusu kula: usijaze mashavu, usizungumze chakula kikiwa kinywani, usilambe vidole, usitoe mlio unapotafuna. Mbili zilinigusa zaidi. Ya kwanza inakataza kufukia kitoweo chini ya wali ili uonekane hujapewa uongezewe. Ya pili inakataza kutazama bakuli la mwenzako kwa nia ya kumtafutia kosa. Niliposikia hizo mbili nilimkumbuka nyanya yangu, ambaye hakuwahi kumwona mtawa wa Kibuddha maishani mwake na alitufinya masikio kwa mambo hayohayo. Mtu aliyeziandika alikuwa amekula sinia moja na ndugu zake, hilo halina ubishi.

Kwetu tulikua tukijua firigisi ni ya baba. Nilipoanza kuishi na kanuni ya kutochagua nilimwomba mke wangu apakue bila kunitafutia mnofu, na firigisi iende kwa yeyote itakayemwangukia kwenye upawa. Mwanzoni alikataa. Alisema watu watadhani hanijali. Tulikubaliana tujaribu tukiwa wenyewe tu, bila wageni, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka ilikuwaje zamani. Kanuni ya kutokagua sahani ya mwenzako tuliiweka kwa wote, mimi nikiwa wa kwanza. "Mbona umechukua nyama mbili", "mbona humalizi", "mbona unakula kama unafukuzwa" hazisemwi mezani. Mwenye jambo analisema baadaye. Chakula chetu kimekuwa na mazungumzo marefu kuliko zamani, na nina hakika ni kwa sababu hakuna anayejilinda.

Kabla ya kula watawa hujikumbusha chakula ni cha nini: si cha mchezo, si cha kulewesha, si cha kunenepesha, si cha kupendezesha mwili, ni cha kuudumisha mwili uendelee na safari yake. Wana tafakari kama hiyo kwa mavazi, malazi na dawa pia. Ile ya mavazi ndiyo ninayoitumia zaidi, dukani: vazi ni la kuzuia baridi na joto, nzi na mbu, upepo na jua, na vitambaavyo, na la kusitiri mwili. Naisoma kimoyomoyo nikiwa nimeshika shati. Mara nyingine nanunua, mara nyingine narudisha kwenye kamba.

Kuhusu kufagia sitasema mengi. Saa tisa alasiri kila mtu pale monasterini alishika fagio refu, mkuu wa monasteri, mgeni wa jana, wote, tukafagia majani kwenye njia za msitu, kwa sababu majani makavu hubeba moto na huficha nyoka. Kesho yake yameanguka mengine. Hapa nyumbani nafagia uwanja kwa ufagio wa chelewa na watoto wangu jioni, na dada anayetusaidia kazi anafagia nasi au anapumzika, apendavyo. Baba akishika ufagio kila siku, heshima ya yule dada mbele ya watoto inapanda bila hotuba yoyote.

Jambo lililonisaidia kuliko yote niliyoyapata kule lilikuja kutumika miaka kadhaa baadaye, baba yangu alipopata kiharusi.

Kuna kisa kwenye vitabu vya sheria za utawa. Buddha alikuwa akikagua makao ya watawa akiwa na Ananda, mhudumu wake, akamkuta mtawa anaumwa tumbo la kuhara, amelala kwenye uchafu wake mwenyewe. Akamuuliza, huna anayekuhudumia? Akajibu hana. Kwa nini? Kwa sababu mimi sikuwahi kuwafanyia wenzangu lolote. Buddha akamtuma Ananda akalete maji. Buddha akamimina, Ananda akaosha. Kisha Buddha akamshika kichwani, Ananda akamshika miguuni, wakamwinua na kumlaza kitandani. Baadaye akawakusanya watawa akawaambia kwamba hawana mama wala baba wa kuwauguza, na wasipouguzana wao kwa wao, nani atawauguza? Anayetaka kunihudumia mimi, alisema, amhudumie mgonjwa. Mkristo akisikia maneno hayo hahitaji kuelezwa zaidi.

Baba tulimleta kutoka Songea baada ya kutoka hospitali. Upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, haendi haja mwenyewe. Kwa mila zetu mtoto wa kiume kumwona baba yake utupu ni jambo zito, na kumsafisha ni zito zaidi. Yeye mwenyewe aligeuza uso ukutani mara ya kwanza. Mimi na mdogo wangu tulifanya vile kisa kinavyosema: mmoja amimine, mwingine aoshe, kisha mmoja kichwani, mmoja miguuni. Kulikuwa na faraja kubwa katika kujua kwamba kazi ile ilishafanywa kwa mpangilio uleule na mtu ambaye nusu ya Asia inamsujudia. Maji ya vuguvugu, khanga kuukuu zilizochanwa vipande, mpira chini ya shuka. Kila saa mbili tulimgeuza ubavu, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya mgongo, na saa ya mkononi ilikuwa ikilia kama kengele ya Nanachat.

Kitabu hakiishii kwenye kisa. Kinataja sifa tano za muuguzaji mwema: awe anaweza kuandaa dawa, ajue kinachomfaa mgonjwa na kisichomfaa, amletee kile na kuondoa hiki, auguze kwa upendo, si kwa kutazamia kitu, asichukizwe na kinyesi, mkojo, mate wala matapishi, na ajue kumchangamsha mgonjwa kwa mazungumzo kwa wakati wake. Niliiandika orodha hiyo kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya mlango wa chumba. Kati ya tano, ya mwisho ndiyo tuliyoitilia mkazo, maana zile nyingine watu hukukumbusha na hii hakuna anayekukumbusha. Baba alikuwa mkulima wa mahindi. Jioni mdogo wangu alipiga simu kijijini, akauliza mvua, akauliza mbolea ya ruzuku imefika bei gani, kisha akaja kumweleza baba neno kwa neno. Baba, aliyekuwa akisema kwa taabu, alikuwa akitoa maagizo ya palizi kwa shamba lililo karibu kilomita elfu moja kutoka kitandani pake.

Kuna orodha ya pili, ya mgonjwa anayeuguzika kwa urahisi, na hiyo sijaiona mahali pengine popote. Mgonjwa naye ana wajibu: afanye kinachomfaa, ajue kiasi hata katika kinachomfaa, anywe dawa, amweleze muuguzaji maumivu yake jinsi yalivyo, kama yanazidi aseme yanazidi, kama yanapungua aseme yanapungua, na avumilie. Baba alikuwa na sifa nne. Ya kusema maumivu hakuwa nayo kabisa, alikuwa mwanamume wa zamani, ukimuuliza atakwambia hajambo huku jasho linamtoka. Nilimsomea orodha zote mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa hai, akasema, "Kwa hiyo na mimi nina kazi." Tangu siku hiyo alituambia. Bega, nyonga, kisogo. Tulimjua baba yetu katika miezi ile kuliko miaka yote ya nyuma, na alipofariki alifariki akiwa hana kidonda mgongoni.

Yapo niliyoyaacha. Kula mara moja kwa siku nimekuacha, kwa kuwa chakula cha usiku ndicho kinachotukutanisha. Kuamka saa tisa nimekuacha pia. Naamka saa kumi na moja. Useja ni wa watawa. Wanakijiji wenyewe walishalifikiria hili tangu zamani. Kila robo ya mwezi, mwezi mwandamo, nusu, mpevu na nusu nyingine, wazee wa Bung Wai huvaa nyeupe, hupokea masharti manane na wengine kulala monasterini usiku huo: kutoua, kutoiba, kukaa bila tendo la ndoa, kutosema uongo, kutogusa kileo, kutokula baada ya adhuhuri, kuacha miziki na mapambo na manukato, na kulala chini pasipo kitanda cha anasa. Asubuhi wanarudi kwenye nyavu na vibanda vyao vya soko. Wanauazima utawa siku moja na kuurudisha. Mimi nimechukua Ijumaa, ambayo kwetu Wakatoliki ina uzito wake tayari, na siku hiyo redio na televisheni zinazimwa, nalala kwenye mkeka. Anayetaka kuyaona maisha haya karibu hahitaji kwenda Thailand. Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala, watu wenye asili ya Sri Lanka, mwanzoni mwa karne ya 20, na karibu na Entebbe kuna kituo alichokianzisha mwaka 2005 Bhante Buddharakkhita, mtawa ambaye ni Mganda.

Nimalizie na la kuambiana ukweli, maana hili bado tunaendelea kulijifunza.

Wengi hudhani utawa ni kunyamaza. Pale Nanachat watu huongea kidogo, ni kweli, lakini kuweka nadhiri ya kutosema kabisa ni marufuku, na marufuku hiyo ina kisa chake. Kundi la watawa lilikubaliana kukaa msimu mzima wa mvua bila kusemezana ili wasigombane. Anayerudi kwanza kutoka kijijini alitandika mikeka na kuweka maji, anayerudi mwisho alisafisha, wakasaidiana kwa ishara za mikono. Miezi mitatu ilipoisha walikwenda kwa Buddha wakiwa na furaha, wakamweleza jinsi walivyokaa kwa amani. Aliwakemea vikali. Aliwaambia wameishi kama wanyama zizini, na wakajiita wenye amani. Akawaamuru kwamba mvua zinapokwisha, kila mtawa awaalike wenzake wamwambie makosa yake: waliyoyaona, waliyoyasikia, au wanayoyashuku. Inafanyika hadi leo, mwezi mpevu wa Oktoba kwa kawaida. Sisi wageni haturuhusiwi kukaa ndani ya kikao hicho. Lakini nilielezwa jambo moja ambalo sijalisahau: anayeanza ni mkubwa kuliko wote. Mkuu wa watawa anachuchumaa, anakutanisha viganja, anawaalika wadogo zake wamsahihishe, mara tatu. Anaahidi kwamba akiliona kosa atalirekebisha. Wengine wanafuata kwa zamu mpaka wa mwisho.

Nyumbani tunafanya kila muhula wa shule unapofungwa. Mama yangu, aliyehamia kwetu baada ya baba kufariki, alipinga sana. "Mtoto kumwambia baba yake makosa, hiyo ni adabu ya wapi?" Nilimjibu kwamba hasemi mpaka aalikwe, na msemaji ana masharti yake, nayo yametoka hukohuko kwa watawa: aseme kwa wakati unaofaa, aseme kweli, aseme kwa upole, aseme lenye faida, aseme kwa nia njema. Aliyealikwa kusikia hajitetei. Anasema amesikia.

Mimi huanza. Mara ya kwanza watoto waliangalia sakafu. Binti yangu mkubwa ndiye aliyepata sauti: "Baba, ukiwa unasahihisha madaftari sebuleni, hakuna anayethubutu kucheka." Kisha mke wangu, aliyekaa muda mrefu akizungusha pete kidoleni, akasema, "Ukikasirika hugombi. Unanyamaza. Siku mbili, tatu. Sisi tunatembea kwa vidole mpaka kutakapokucha. Ningependa ugombe." Nilisema nimesikia. Madaftari nayasahihishia shule siku hizi. La kunyamaza linachukua muda zaidi, na tumewekeana neno: nikianza kukauka, yeye huuliza, "Tuko msimu wa mvua?" nami ni lazima nijibu kwa sentensi nzima, hata kama ni ya hasira.

Watoto nao hualika, na hapo nimeona jambo zuri. Mtoto aliyezoea kukemewa muda wowote, akijua kuna siku yake ya kuuliza mwenyewe, anauliza kweli, na anakumbuka alichojibiwa. Kijana wetu aliambiwa na dada yake kwamba humkatiza mbele ya rafiki zake. Hakujitetea. Muhula uliofuata aliuliza kama amebadilika.

Krismasi iliyopita tulipokwisha kuzunguka, mama yangu, ambaye siku zote hukaa pembeni akimenya kunde na kujifanya hasikii, aliweka ungo chini akasema, "Haya, na mimi niambieni." Watoto wakanitazama. Nikawaambia ameshaalika. Mdogo kabisa akasema, "Bibi, ukipakua wewe, kaka anapata nyama nyingi kuliko sisi wasichana." Mama alikaa akiwaza, akasema amesikia, akauliza kama kuna lingine. Binti mkubwa akasogeza kiti, akaanza.